Risiti ya Bi. Mungu

Toronto, Februari 11, 2014. Asubuhi theluji nyepesi, upepo mkali.

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko Dodoma? Sisi tupo. Babu yako anakohoa kidogo, na miguu yangu imechoshwa na baridi hii. Unauliza: mchango ninaoutoa kwa nyumba ya wasio na makazi, ikiwa unanipunguzia kodi, bado ni sadaka mbele ya Mungu?

Mwaka wangu wa kwanza hapa, nilipokuwa nasafisha maofisi, nilitaka kutoa kwa siri. Penye jina kwenye fomu yao nikaandika "Mja wa Mungu", kama tulivyozoea kanisani. Siku ya kuchukua risiti ya kupunguziwa kodi, kijana wa mapokezi akaita mbele ya watu wote, "Bi. Mungu! Bi. Mungu yupo?" Huku neno la mwisho ndilo jina la ukoo.

Jirani yangu Mama Asha, aliyenisindikiza, akanipiga kiwiko. "Itika, shoga, Mungu, unaitwa!"

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaona haya. Nilitaka kujificha, nikajikuta nimekalia kiti cha Mwenyezi.

Tangu hapo naandika jina langu kamili. Kodi ikipungua, mwaka mwingine nafuu hiyo naiongeza kwenye mchango, mwaka mwingine nanunua viatu vya theluji. Kama bado ni sadaka, mama, sijui kwa hakika. Aliyelala ndani ya nyumba hiyo jana, kwa baridi ile, hajaniuliza.

Nimechoka. Nalala sasa, saa tatu na robo usiku.

Bibi yako