Kilio Mbele ya Geti la Mheshimiwa

Yaya wangu, dada yangu mkubwa uliye Kasaji,

Neno lako limenifika: tangu shemeji afariki unataka kurudi Kolwezi na batoto, nikutengenezee chumba cha nyuma. Usiogope unayoyasikia redioni. Ni kweli mvua imebomoa nyumba za mtaa wetu wa Kapata mstari kwa mstari, lakini mimi mdogo wako nina bahati ya kuudhi watu. Nyumba aliyotuachia tata, baba yetu, imesimama wima, hata bati moja halikuruka. Majirani wanapita wakiitazama kama bibi harusi, nami niko barazani, mguu juu ya mguu, mimi niliyefika Ndola na hata Dar es Salaam juu ya lori, nawaambia Mungu anajua watu wake.

Siku hizi mvua ikianza tu, nakuona wewe tulipokuwa wadogo. Unapanga mabeseni chini ya matundu ya bati, kila beseni na rangi yake na sauti yake, unaninong'oneza, "Lala, mudogo. Hii ya bulu njo inaimba muzuri." Asubuhi tunatoka kuokota vijiwe vya kijani vilivyooshwa na maji njiani, unavilamba ili rangi iamke. Miaka mingi niliamini kwamba rangi ile ilitoka kwenye ulimi wako.

Nakuona pia kwenye kilio cha tata, umekaa mkekani karibu na gogo la moto. Wajukuu walikuja kumwiga marehemu, kama ilivyo kazi yao. Mmoja akavaa kofia yake ya mgodini, akatembea kwa kuburuta mguu, akafoka kwamba chai haina sukari. Ulicheka machozi yakitiririka, ukaniambia, "Huyu ni tata kabisa!"

Kilio tulichofanya juzi kilianza hivyo hivyo, kwa mkeka. Wabunge wa jimbo walikuwa wanapiga kura juu ya fedha za kuwasaidia walioangukiwa na nyumba, nasi tulikuwa tumezunguka redio ya Mama Kalenga kando ya barabara, yule jirani aliyekufundisha kusuka nywele. Likaitwa jina la mheshimiwa wetu, huyu tuliyemchagua sisi wenyewe wa Kapata. Akanyoosha mkono na wale wanaokataa, na hoja ikaanguka. Kijana mmoja alitukana, mwingine akasema labda hakuelewa swali. Mama Kalenga alikunja mkeka wake, akauweka kichwani, akashika njia ya mjini. Akina mama wengine wakamfuata na mikeka yao. Nami nikafuata, unanijua, sipitwi.

Wakatandika mbele ya geti la mheshimiwa, wakawasha gogo, wakalia. Kilio kamili, Yaya, cha mtu aliyekufa. Mimi nikawa mjukuu. Nilivaa koti la kuazima, nikatanguliza tumbo, nikawa nanyoosha mkono kukataa kila kitu: maji, ugali, hata mke wake. Akina mama walicheka katikati ya machozi. Mtu wa taxi-moto akasimamisha pikipiki yake, akavua kofia kwa heshima.

"Pole, ndugu. Alikufa na nini?"

"Mukono," nikamjibu. "Ulipanda vibaya."

Ndipo geti likafunguka, marehemu mwenyewe akatoka na kandambili.

"Banamama, mi niko muzima! Munalilia nani?"

"Hapana weye, tata," Mama Kalenga akasema bila kuinuka. "Tunalilia manyumba yetu. Kwetu hakuna tena fasi ya kutandika mukeka, njo maana tulikuya kulilia pa kwako."

Unajua kwetu mtu hapiti kilio bila kukaa. Alitazama geti, akatutazama sisi, kisha akavua kandambili akaketi mkekani. Hakuahidi kitu. Jua lilikuwa limelala juu ya vilima vya udongo wa mgodi, moshi wa gogo ukapanda polepole, na kwa kitambo tulikuwa kama watu wa nyumba moja. Akaanza kuuliza kila mmoja anamlilia nani, na kila mmoja akataja nyumba yake kama anavyotajwa mtu: mlango wake, dirisha lake, waliozaliwa ndani.

Akanifikia mimi.

"Na weye, mujukulu? Unalilia nini?"

Nikafungua mdomo nitafute mzaha. Nikaona lile beseni lako la bulu, nikalia mpaka Mama Kalenga akanishika kichwa.

Usipande treni kwanza, Yaya. Wakumbatie batoto, uwaambie mjomba wao bado anaongea sana. Sijui kama kura itarudiwa. Mimi nalala darasani, kwenye shule moja ya Dilala, pamoja na wenzangu walioangukiwa na nyumba, nawe sina pa kukuweka. Ile bahati niliyojisifia ni uongo. Nyumba ya tata ilianguka.

Mudogo yako