Njia ya Waliozama

Llanerwyn, 4 Machi 1934

Mwanangu Eirlys,

Natumaini wagonjwa wa Liverpool wanakuachia nafasi ya kula. Mimi mzima, ila goti la kushoto linaijua mvua kabla yangu.

Nina habari itakayokukera. Bwana Harcourt, yule Mwingereza aliyenunua nyumba kubwa juu ya ghuba, ametia geti na kufuli kwenye njia yetu ya kushukia pwani. Wanawake walifika na punda wao kwenda kuokota kome, siku ya bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, wakakuta kibao kinawakataza. Wamerudi vikapu vitupu.

Nilimwendea. Akasema, "Nionyeshe karatasi."

Nikamwambia, "Bwana, njia hii ilikanyagwa kabla mchanga haujalifukia kanisa la kwanza."

"Mchanga hauweki sahihi," akanijibu.

Afisa wa wilaya atakuja kutusikiliza tarehe 12 Mei. Tukikosa maandishi, itabidi tuzunguke maili tano, na tukifika maji yatakuwa yamesharudi.

Ni mimi baba yako,
Idwal

Liverpool, 9 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti lipake yale mafuta ya samaki uliyokuwa ukinipaka utotoni. Mimi sijambo, nimehamishiwa wodi ya watoto na nacheka kutwa.

Baba, Bibi aliiita Njia ya Waliozama. Kwa nini? Kama maiti wa baharini walipitishwa hapo kwenda kuzikwa, lazima kasisi wa wakati huo aliandika. Fungua sanduku la kanisa, utazame madaftari ya mazishi.

Mwanao,
Eirlys

Llanerwyn, 15 Machi

Eirlys mwanangu,

Nimefurahi kusikia unacheka. Hapa sicheki. Ufunguo wa sanduku anao Meurig, na unajua tangu lini sisemi naye. Mtu aliyeniambia mbele ya kwaya nzima, "Idwal, wewe fumbua mdomo tu, sauti tuachie sisi," siendi kumpigia hodi. Tena ataanza kunihubiria kwamba ukoo wake ulikuwa Llanerwyn kabla ya bahari yenyewe, na sisi wengine ni wapita njia.

Baba yako

Liverpool, 19 Machi

Baba,

Shikamoo tena. Meurig alikukosea kusema vile mbele za watu. Lakini siku ile mimi nilikaa safu ya mbele, Baba, na masikio ninayo.

Nenda.

Eirlys wako

Liverpool, 22 Aprili

Baba mpendwa,

Hujambo? Mwezi mzima sijapata hata mstari. Kama umenuna, nuna kwa maandishi, nijue uko hai.

Mwanao

Llanerwyn, 14 Mei

Mwanangu mpenzi,

Niko hai, na goti limetulia. Nisamehe kwa ukimya. Sikuwa nimenuna, nilikuwa nasoma.

Nilikwenda kwa Meurig. Alifungua mlango, akanitazama, akasema, "Saba."

"Saba nini?"

"Miaka. Mke wangu amekuwa akikukatia kipande cha mkate wa zabibu kila Jumapili, nami ndiye ninayekila. Ingia, nimenenepa."

Tukashinda jioni nyingi juu ya madaftari yaliyoliwa na unyevu. Hatukupata kitu mpaka asubuhi ya tarehe kumi na mbili yenyewe, kurasa mbili zilipobanduka zilikogandana. Tuliona mwaka na neno "pwani" tu, hatukuwa na muda wa kuzisoma zote. Tulikimbia nazo, wazee wawili, kofia mkononi.

Afisa akamwambia Meurig asome kwa sauti. Akasimama kifua mbele: "Januari 1781. Meli ya Lisbon imevunjika kwenye miamba. Mabaharia kumi na mmoja wamebebwa kwa njia ya wote itokayo pwani. Wamezikwa kumi. Wa kumi na mmoja alikohoa kaburini, akatolewa, akalazwa nyumbani kwa mjane Lowri wa Tŷ Gwyn."

Hapo akaisogeza karatasi karibu na macho. Tŷ Gwyn ni nyumba ya ukoo wake, ndiko walikozaliwa wote.

"Endelea," afisa akasema.

Akaendelea, sauti imeshuka: "Mei, mwaka huohuo. Wamefunga ndoa."

Eirlys, ukumbi ulilipuka! Wanawake walipiga meza. Meurig alikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, kisha akaanza kucheka mwenyewe mpaka akashikilia kiti. Afisa alijifuta machozi, akaandika kwamba maneno "njia ya wote" yanamtosha.

Bwana Harcourt alilifungua geti kwa mkono wake. Sikumpenda, ila nilimheshimu.

Leo asubuhi maji yalikupwa mpaka mbali, na nikashuka na wanawake. Mke wa Harcourt alikuja, sketi ameikunja, viatu mkononi. Aliuonyesha mwamba mrefu, akaniuliza jina lake kwa Kiwelisi. Nikamtajia. Akalikosea vibaya sana. Nikamrudishia, akalikosea tena. Wanawake waliacha kuokota wakasimama kumsikiliza. Mara ya nne akalipata, lote, na mmoja wao akamsogezea kikapu.

Baba yako akupendaye,
Idwal