Baba ni Mwanamke?

Mei 2. Miaka minne kasoro mwezi tangu niondoke.

Mke wangu,

Hamjambo hapo? Mimi mzima, ila magoti yananiuma kwa kuchuchumaa kutwa nikipanga vigae. Mpe mama shikamoo yangu; presha yake vipi?

Nimeomba likizo nije nyumbani, kwa hiyo nikuulize bila kuzunguka. Kila nikipiga simu, binti yetu anakimbia. Nilimwacha tumboni, hata kikohozi chake sijakisikia. Nani amenisema vibaya kwake? Huku ughaibuni tunalala wanaume wanane chumba kimoja. Wenzangu watoto wao wanawapigia kelele kwenye simu, mimi naangalia ukuta.

Baba yake


Mei 19

Mume wangu,

Wazima sote, presha ya mama imeshuka. Pole na magoti.

Hakuna aliyekusema. Mwanao anaogopa wanaume, wote. Muuza maziwa akipiga hodi, yeye yuko uvunguni. Kaka yangu alimbeba siku moja, akajikojolea, akatetemeka mpaka jioni.

Kosa ni letu. Nyumba nzima wanawake: mimi, mama na wifi. Akikataa kula tulimwambia, "Haya, naita mwanaume aje akuchukue!" Anakula, sisi tunacheka. Tukaona tumepata dawa.

Juzi nikamwambia baba anakuja likizo. Akaniuliza, "Baba ni mwanamke?" Nisamehe.

Mkeo


Julai 30

Mke wangu,

Natumaini hamjambo, na mama pia. Barua yako ilinitia hasira. Nilimwambia msimamizi likizo siitaki tena, bora vigae kuliko kwenda kumtia mwanangu kiwewe. Mpishi wetu akanicheka: "Mjinga wewe, unangoja aolewe ndipo akuzoee?" Nikarudi ofisini na uso mkavu, nikaomba upya. Wamenipa siku arobaini.

Sasa sikiliza. Usimvalishe nguo mpya. Usimsukume aje kunisalimia. Mama asipige vigelegele, na wewe usinikimbilie, hata kama sote wawili tutatamani. Sitaingia ndani. Nitakaa kizingitini, nyumba nimeipa mgongo, nimenyamaza. Akitaka kunichungulia, achungulie. Akirudi uvunguni, mwache. Jioni nitakwenda kulala kwa kaka yako, asubuhi nitakaa tena palepale.

Siku zote arobaini, ikibidi. Naanza Jumamosi, tarehe kumi na nne Agosti, saa nane mchana.

Baba yake