Kilichooza ni Pua Yangu

Mwamini, ndugu yangu,

Nakuandikia kwa herufi zile za Kiarabu za chuoni, tulizochapwa pamoja kwa kuzikosea. Wakinikuta wataniita mwenye wazimu. Waniite. Tangu uondoke nimeitwa mengi.

Nianze na kosa langu. Siku ya kukuosha nilikaa kichwani pako, kama tulivyoahidiana, kwamba anayetangulia ataoshwa na mwenzake. Homa ileile iliyokuchukua wewe ilikuwa imeniachia mimi pua isiyonusa kitu, si kahawa, si moshi. Nilidhani itapona polepole. Basi ilifunguka pale pale, nilipomimina maji ya mwisho yenye kafuri. Ukanipanda uvundo ambao sijawahi kuunusa, wa nywele zinazoungua na nyama iliyooza. Nikaziba pua kwa pindo la kikwembe nilichojitanda, nikatoka mbio, nikatapika nyuma ya jiko mbele ya wanawake wote.

Nami nilidhani ni wewe. Hilo ndilo nisiloweza kulimeza.

Unajua desturi yetu, muoshaji hatoi nje aliyoyakuta ndani. Sikusema neno. Lakini nani alihitaji neno langu? Mimi Zaina, niliyewachanganyia udi na marashi maharusi wa mtaa mzima, ambaye wewe ulikuwa ukinicheka, "Weye Zaina, pua yako iko ya mbwa!", nimeziba pua mbele ya maiti. Kabla udongo wa kaburi haujakauka ilishasemwa kwamba Mwamini alioza akiwa bado na joto, na kwamba lazima kuna jambo alilolifanya. Wakwe wa binti yako Salima wakaanza kuwa na shughuli nyingi. Siku ya ndoa ikaahirishwa, halafu haikutajwa tena.

Na mimi nilikuwa nimekwisha kujua ukweli. Jioni ya mazishi nililetewa kahawa, ikanuka uvundo uleule. Sabuni, uleule. Vitunguu, uleule. Muuguzi wa zahanati alinichungulia, akasema, "Bon, mama, ni homa iliharibu mishipa ya pua. Labda itapona, labda hapana."

Niliogopa, Mwamini. Nikitangaza, nani atanipa tena kazi ya marashi? Wiki tano nzima nilikuacha unatukanwa ili sufuria yangu iendelee kuchemka. Nikasirikie, una haki.

Siku ya arobaini yako nikachoka. Kisomo kilipokwisha, wanawake wakiwa uani na sahani zao za wali, nilisimama nikajifunga kikwembe machoni. Nikamwita shangazi wa bwana harusi, yule mwenye mdomo, aniletee puani chochote atakacho. Kwanza alileta maji ya waridi. Nikatapika karibu na miguu yake, na sikuona haya. Kisha akaleta samaki aliyelala siku tatu, nawasikia nzi wakija naye. Nikavuta pumzi mpaka ndani. "Hii haina kitu," nikasema. Watu walicheka, halafu mmoja mmoja wakaweka sahani chini.

Nikafungua macho, nikawaambia, "Mwamini alikuwa safi. Kilichooza ni pua yangu. Mwenye kubisha aje nimnuse!"

Hakuja mtu. Wiki iliyofuata shangazi yule alikuja na siku ya ndoa, akaniamkia bila kunitazama usoni. Kazi yangu ndiyo iliyokwenda. Maharusi watatu wamehamia kwa mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto. Wananipita njiani wakiniita Pua-Mbovu. Naitika, nawauliza habari za kwao.

Siku hizi nakula ndizi zilizopoa, maana chakula cha moto ndicho kinachonuka zaidi. Kila asubuhi nafungua chupa ya marashi, inanipiga, naifunga. Kesho yake naifungua tena. Tutaona nani atachoka kwanza.

Kuna kimoja kinachoniuma mpaka leo. Sitajua ulinukiaje siku ile. Mikono yangu inazikumbuka nywele zako, nilivyozigawa mafungu matatu, nilivyozisuka niliporudi ndani nimejifunga pua. Pua yangu iliniibia mengine yote.

Wakwe walipouliza nani atamchanganyia Salima marashi yake, niliinamisha kichwa, nikingoja jina la mwingine. Mwanao akawajibu, "Ni Mama Zaina. Miye niko na pua, yeye iko na mikono." Alisema kwa sauti, Mwamini, na hakurudia.

Basi kila alasiri tunakaa kibarazani kwako. Mimi napima, yeye ananusa na kuniambia hii iko tamu, hii iko kali. Anakosea sana. Namgombeza, tunamwaga, tunaanza upya.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi, siku hiyo mwanao atatoka mlangoni akinukia mpaka mtaa wote ugeuze shingo. Mimi harufu hiyo itanichoma koo, na nitacheza mbele yake tangu kwako mpaka kwa wakwe.

Zaina wako