Uduvi wa Baba

Jumatano, 4 Machi

Samaki wa Baba hajala tena leo. Chakula cha mkebe kinaelea tu, yeye anakipita kama hakioni. Ndiye wa mwisho katika wale aliowalea marehemu Mama. Kaka anataka Baba ahamie kwake, mbali huko, na Baba amemjibu: huyu samaki akifa, nitakuja. Sasa kila asubuhi naogopa kutazama tangi!

Ijumaa, 6 Machi

Nimekwenda peke yangu kwenye mabwawa ya chumvi kutafuta uduvi hai. Lo, ile harufu! Nikawa mtoto tena — Baba mbele na wavu wa kitambaa cha pazia begani, Mama nyuma na ndoo, wakitaniana njia nzima. Nilivua uduvi tele, wekundu, wanachezacheza. Nikakaza mfuniko wasimwagike. Kufika nyumbani — wote wamekufa, uvundo mtupu. Baba akachungulia. Umewabana pumzi, mwanangu, akasema. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Nimelia jikoni. Wala si kwa ajili ya uduvi.

Jumapili, 8 Machi

Baba kaamka na kuvaa buti za mpira! Na magoti yale! Nikamkalisha ukingoni mwa bwawa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi nikaingia topeni. Akaanza: si hapo, we mtoto! Tazama upepo unakwenda wapi, uduvi hawabishani na upepo. Kona ile! Mvi zimenijaa kichwani, bado naitwa mtoto — raha iliyoje. Kweli walikuwa konani, maji yamegeuka rangi ya matofali. Chota wachache, akasema, na ndoo yako iache wazi. Kisha nikamsikia anacheka peke yake. Eti Mama aliteleza pale pale, wakiwa wachumba, akakataa kushikwa mkono, akatoka mwenyewe na tope hadi masikioni. Sikuwahi kuisikia hiyo! Namkumbuka Mama sana.

Nyumbani Baba kawasuuza mwenyewe kuwatoa chumvi, kamimina kijiko kimoja tangini. Samaki katulia tu. Uduvi wanampita mdomoni. Baba kavuta kiti, pua kwenye kioo.

Simu inalia — Kaka, bila shaka anataka kujua gari la kumhamisha Baba lije lini. Baba hageuki. Ananipungia mkono: usipokee. Usipokee kwanza.