Nimejilaza Kitandani Ili Mjukuu Arudi Kutoka Indonesia

Mpendwa mshauri Ndindi wa redio yetu,

Naomba msaada, lakini msaada mdogo tu kwa maana kazi kubwa nimeshaifanya mwenyewe, na uisome barua hii yote hewani ndio nisikie jibu nikiwa nimelala. Jina langu usilitaje, sema tu ni nyanya mmoja wa mtaa wa Mowlem. Shule niliachia darasa la tatu na bado naandika kwa mkono wangu, kwa hivyo usinirekebishe.

Nina mjukuu anaitwa Amondi, nimemlea mimi tangu mama yake afariki, nikamsomesha mpaka akapata kazi ya ofisi pale mtaa wa Fedha, kiti cha kuzunguka na chai ya saa nne, halafu siku moja akaniambia ameacha kazi anaenda kutembea. Nikamuuliza kutembea kwenda wapi? Akasema, "Kutembea tu, Dani," ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "nione dunia." Na nani? "Peke yangu." Mshauri, hakuna mchumba, hakuna masomo, hakuna kanisa lililomtuma, ni msichana na begi la mgongoni kubwa kuliko gunia la makaa, amepita Uganda, Zambia, Malawi, akapanda ndege mpaka Malesia, na sasa yuko Indonesia, nchi ya visiwa vitupu, akitoka kimoja anaingia kingine, analala kwa vyumba vya vitanda vya ghorofa na watu ambao hajui hata wametoka kwa nani, anafua suruali akingoja ikauke ndio atoke nje. Kwetu Wajaluo mtu wa namna hiyo anaitwa jabayo, mzururaji, na jina hilo halijawahi kuingia kwa nyumba yangu.

Akipiga simu ni kicheko tu. "Dani, leo nimekula tunda linanuka kama soksi lakini tamu ajabu!" Nikamwambia soksi hata huku ziko, rudi. Nikamuuliza, na ukiugua huko? Akasema, "Dani, usijali, si hospitali ziko." Hajui kwamba kwetu msichana ambaye hajaolewa akifa hazikwi ndani ya boma, anawekwa nje ya ua, na huyu akifia huko hata hiyo nje ya ua hataipata. Sikumwambia hayo. Nilimwambia anunue sweta.

Nilipomuuliza anarudi lini akasema bado, kuna kisiwa cha mwisho upande wa mashariki kabisa lazima akifike. Basi nikamwambia mwanangu Willis amwandikie kwamba nimelala kitandani, siinuki, naita jina lake. Willis akakataa, akasema, "Mama, huo ni uchuro, utajiitia ugonjwa." Nikamwambia uchuro ni mtoto kulala na wageni, tuma. Akatuma. Amondi alilia kwa simu, akaacha safari, anapanda ndege Ijumaa.

Hapo nilikuwa nimeshinda. Lakini sikujua angempigia rafiki yake Jacklyne wa mtaa wa Pipeline aje kunitazama, na Jacklyne akamwambia Adoyo wa kanisani, na mdomo wa Adoyo hauna breki, akaleta kina mama wote. Sasa mimi, mzima kama ng'ombe wa maonyesho, nimelala chini ya blanketi kwa jua hili nikinyweshwa uji bila sukari. Juzi walibisha hodi omena wangu, wale dagaa wa ziwani, wakiwa motoni, nikakimbia kitandani. Adoyo akanusa.

"Mama Willis, nani anakaanga omena?"

Nikasema kwa sauti ya kukata roho, "Jirani."

"Jirani anakaangia kwa jiko lako?"

Jana wakaimba ule wimbo wa mazishi, na waliuharibu vibaya, nikajisahau nikawaonyesha sauti ya pili.

Swali langu si kama nimekosea. Sijakosea, mtoto anarudi. Swali ni hili, nipone lini? Nikipona kabla ya Ijumaa atageuza njia aende kisiwani. Nikipona akishafika, pasta atasema ni maombi yake, atanipandisha mbele nitoe ushuhuda, na mimi siwezi kudanganya kanisani. Nipe siku ya kupona, mshauri, na unipe haraka kwa maana huu mgongo sasa unaanza kuuma kweli.

Nyanya wa Mowlem


NDINDI ANAJIBU

Mama, pole kwa mgongo. Pole hiyo ndiyo ya mwisho.

Mimi pia ni nyanya, kwa hivyo nitakuambia kama mwenzako, si kama mtoto anayemjibu mkubwa. Unasema huwezi kudanganya kanisani. Kanisa limekuja mpaka kitandani kwako, limekushikia kikombe, na umelidanganya likikufuta jasho. Siku ya kupona sikupi. Mtu mzima haponi, anaamka.

Unamwita mtoto jabayo. Jabayo hana anakoenda. Huyu anajua kisiwa anachokitaka, anatembea kwa jasho la kazi yake, anafua nguo zake, na anakupigia simu hata bila kuitwa. Nani alimfundisha kusimama peke yake hivyo? Umempika mwenyewe, sasa unalia kwamba ameiva.

Lakini nimekusikia, Mama. Katika maneno yako yote kuna moja ulilolisema haraka ukalikimbia, hilo la nje ya ua. Hilo ndilo limekulaza, si kitu kingine. Unaogopa mtoto wako afie mahali ambapo hakuna wa kumlilia. Ni hofu ya haki, hata mimi ningekuwa nayo. Kosa lako ni kwamba ulimnyima hofu yako, ukampa ugonjwa wa uongo, na sasa anajiandaa kuvuka bahari akiamini anakuja kukuzika. Alijua kucheka nawe kuhusu matunda. Angejua pia kulia nawe, kama ungemwambia.

Fanya hivi. Mpigie wewe mwenyewe, leo. Willis mwache, ulishamchafua mikono akikukataza. Usianze na salamu ndefu. Mwambie, "Mimi ni mzima, nilidanganya, naogopa ukifia huko." Akikasirika, nyamaza mpaka amalize. Akikata simu, usimtume mtu, ngoja. Akiamua kuendelea na safari, mwombe kitu kimoja tu, kwamba kila anapohama akuambie amefika wapi na ni nani wa kuulizwa hapo. Hicho ni haki yako. Kumrudisha si haki yako.

Kina mama nao waite, wapikie, wakucheke mpaka washibe. Na pasta akikuita mbele, nenda. Ushuhuda unao.

Tena usikawie. Jina lako sijalitaja, kama ulivyoomba, lakini wewe umetaja la Willis, la Adoyo, na la mtaa, na nimeyasoma yote hewani, kama ulivyoomba pia. Mowlem nzima imekujua. Jacklyne wa Pipeline naye ni msikilizaji wangu, hutuma salamu kila kipindi, na sidhani leo amezima redio.

Sasa naweka wimbo. Kwa heshima yako nimechagua mrefu. Ukiisha, Jacklyne atakuwa anampigia Amondi. Shika simu yako kwanza.