Maji ya Tanga Yanarudi

Shikamoo Mama,

Hapa Rusumo manyunyu ya maporomoko yanailowesha kadi hii. Nimekula ndizi na maharage na dereva wa lori kutoka Tanga, nikamtafsiria lile shairi la Kiingereza ninalofundisha, ambamo bahari huondoka ufukweni, kisha hurudi. Miaka yote nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mshairi anatudanganya, maana maji ya mto wetu Kagera yakishapita hayarudi. Dereva akacheka: "Mwalimu, kwetu asubuhi yanaondoka, mchana yamejaa tena!" Jumatatu nitawaomba radhi.

Kisha nikalitazama daraja ulilonivusha kutoka ng'ambo nikiwa mgongoni mwako. Wewe hukurudi ulikotoka. Ulibaki upande huu, Nyamigogo, ukilima ili mimi nisome. Asante, Mama. Jumapili niwekee viazi. Mimi ni maji ya Tanga.

Mwanao